Kinachorithiwa na kisichorithiwa katika ugonjwa wa ukoma

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mara, kabla ng'ombe wa mahari hawajahesabiwa, wazee wa pande zote mbili huulizia habari za ukoo. Huulizia tabia, uzazi, na maradhi yaliyowahi kuonekana katika nyumba ile. Ukitajwa ukoma, mazungumzo huweza kukatika hapo hapo. Ndiyo maana wahudumu wa afya wa Nyansurura, wilayani Serengeti, walipouliza katika mafunzo kama ukoma ni ugonjwa wa damu, swali lao halikuwa la darasani. Walitaka jibu ambalo mama mwenye binti wa kuozwa angeweza kulibeba nyumbani.

Jibu lililozoeleka katika vipeperushi vyetu ni fupi: ukoma haurithiwi, huambukizwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini mtu mwenye macho hulitilia shaka. Ameona nyumba moja yenye wagonjwa watatu, na nyumba ya jirani, walioshirikiana nao kisima na kilabu miaka ishirini, isiyo na hata mmoja. Siku atakaposikia redioni kwamba wanasayansi wamegundua jeni zinazohusiana na ukoma, atasema wazee walikuwa sahihi tangu mwanzo. Hatuna budi, basi, kulieleza jambo hili kwa ukamilifu wake, kwa sababu nusu ya elimu hapa inaweza kumfanya mgonjwa ajifiche.

Wazo la kwamba ukoma hupita katika damu halikuzaliwa Afrika. Katikati ya karne ya 19 Norway ilikuwa na wagonjwa wengi, na mji wa Bergen ulikuwa makao ya utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka 1847 Daniel Danielssen na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walichapisha kitabu kikubwa kilichoueleza ukoma kwa umakini ambao haukuwa umeonekana kabla, na Danielssen alishikilia kwamba ugonjwa hurithiwa. Alifikia hatua ya kujidunga mwenyewe majimaji yaliyotoka kwa wagonjwa, wala hakuugua. Mwaka 1873 msaidizi wake, Gerhard Armauer Hansen, ambaye alikuwa pia mkwewe, aliona vijidudu vyenye umbo la vijiti katika vinundu vya wagonjwa. Ukoma ukawa ugonjwa wa kwanza sugu wa binadamu kuhusishwa na bakteria. Hoja ya urithi ikaanguka.

Hata hivyo jaribio la Danielssen linastahili kutazamwa upya. Yeye alidhani kwamba hakuugua kwa sababu ugonjwa hauambukizi. Leo tunaweza kulifasiri vingine: inakadiriwa kwamba takriban asilimia 95 ya watu wana kinga ya asili inayotosha kuviangamiza vimelea vya ukoma bila wao wenyewe kujua kwamba waliwahi kuvibeba. Yaelekea Danielssen alikuwa mmoja wao. Hansen alipata jibu la nini kinacholeta ukoma. Swali la kwa nini mmoja huugua na wengine kumi na tisa wasiugue lilibaki, na hapo ndipo urithi unaporudi kwa mlango mwingine.

Mfugaji wa Serengeti anaujua mlango huo. Ndigana kali huletwa na kupe. Ng'ombe asiyeumwa na kupe hawezi kuipata, hata awe wa kizazi gani. Lakini kupe wale wale wakiingia katika zizi lenye zebu wa kienyeji na ng'ombe wa kisasa, aghalabu ng'ombe wa kisasa ndio wanaokufa kwanza, na zebu waliozoea maeneo yenye ugonjwa huo hustahimili zaidi. Hakuna mfugaji anayesema kwamba ng'ombe wa kisasa amerithi ndigana. Alichorithi ni namna mwili wake unavyoipokea. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo kiini cha makala hii.

Kimelea cha ukoma, Mycobacterium leprae, hukua taratibu kuliko karibu bakteria wote tunaowajua: kimoja huchukua takriban wiki mbili kugawanyika kuwa viwili. Hupenda sehemu za mwili zenye baridi kidogo, yaani ngozi, pua, masikio, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Tangu kuambukizwa hadi kuona dalili ya kwanza hupita wastani wa miaka 5, na wakati mwingine 20 au zaidi. Mwaka 2001 wanasayansi walikamilisha kuusoma mpangilio wake wote wa kurithisha. Walikuta jeni zinazofanya kazi takriban 1,600, na nyingine zaidi ya 1,100 zilizokufa, kama nyumba iliyohamwa ambayo kuta zake bado zimesimama. Jambo jingine lililodhihirika ni kwamba vimelea vilivyochukuliwa pembe mbalimbali za dunia vinafanana mno. Kama kimelea ni kile kile, basi kwa nini mgonjwa mmoja ana baka moja tu begani, na mwingine amejaa vinundu usoni na masikioni? Sehemu kubwa ya jibu haina budi kutafutwa ndani ya mwili uliokipokea.

Tuufuate mwili huo hatua kwa hatua. Kimelea kikiingia, aghalabu kupitia puani, humezwa na seli mlaji za kinga. Ndani ya seli hizo mna protini ambazo kazi yake ni kunusa vipande vya ukuta wa bakteria. Mojawapo huitwa NOD2. Ikinusa kipande, hupeleka habari kwa protini nyingine, RIPK2, nayo huamsha seli nzima kwa mapambano. Wakati huo huo protini za kundi la HLA huchukua vipande vya kimelea na kuviinua juu ya uso wa seli, mithili ya mtu anayeonyesha nyayo za mwizi kwa sungusungu. Sungusungu hao ni seli T. Zikiitambua alama, hutoa kemikali za amri, mashuhuri kati yake ikiwa gamma-intaferoni, na seli mlaji hupata nguvu ya kukiua kilichomo tumboni mwake. Kwa watu wengi habari huishia hapo.

Kwa wachache haiishi. Wako ambao seli T zao huamka kwa nguvu lakini hazimalizi kazi: vimelea hubaki vichache, mabaka huwa machache na yenye ganzi, ila vita vyenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Hawa tunawaita wagonjwa wenye vimelea vichache. Wengine seli T zao hukaa kimya mbele ya kimelea hiki. Mwili hutengeneza kingamwili nyingi ambazo hazifiki ndani ya seli kilimojificha, nacho huzaana kwa mamilioni. Hao ni wenye vimelea vingi. Kati ya ncha hizo mbili kuna ngazi nyingi, ambazo Ridley na Jopling walizipanga mwaka 1966 kwa mpangilio unaotumika mpaka leo. Ngazi ambayo mgonjwa huangukia haiamuliwi na dhambi, wala usafi, wala kiapo alichovunja babu yake.

Kila protini niliyoitaja hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na maelekezo hayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu. Tofauti kubwa kuliko zote zimo katika HLA. Ndizo hizo hizo zinazofanya figo ya mtu mmoja ikataliwe na mwili wa mwingine. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukutana na kimelea kile kile, mmoja HLA yake ikakinyanyua kipande wazi mbele ya seli T, na ya mwingine ikakinyanyua vibaya au isikinyanyue kabisa.

Ushahidi wa zamani ulitoka kwa mapacha. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1973 ulitazama jozi 62 za mapacha wanaofanana, ambao jeni zao ni zile zile, na jozi 40 za wasiofanana. Miongoni mwa wanaofanana, jozi 37 wote wawili walikuwa na ukoma. Miongoni mwa wasiofanana, jozi 8 tu. Takwimu hizi hunukuliwa sana kama uthibitisho wa nguvu ya urithi, na kweli zinaonyesha hivyo, ingawa mapacha wanaougua wote wawili huonekana kwa watafiti kwa urahisi zaidi kuliko jozi yenye mgonjwa mmoja. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wazisome pia kutoka upande wa pili. Jozi 25 kati ya 62 zilikuwa na pacha mmoja mgonjwa na mwenziwe mzima, hali jeni zao hazikutofautiana. Kama ukoma ungekuwa wa damu kwa maana inayosemwa katika posa, jozi hizo zisingekuwapo.

Mwaka 2009 watafiti wa China wakiongozwa na Zhang Furen waliukagua mpangilio wote wa jeni za wagonjwa 706 na watu 1,225 wasio na ugonjwa, kisha wakarudia ukaguzi wa sehemu zilizotia shaka kwa maelfu ya wengine. Sehemu zilizojitokeza ni kama zilizotajwa hapo juu: HLA, NOD2, RIPK2, TNFSF15, na jeni moja ya kromosomu ya 13 ambayo sasa huitwa LACC1 na hufanya kazi ndani ya seli mlaji. Si mkusanyiko wa kubahatisha. Nyingi kati yake ni viungo vya mnyororo mmoja, ule wa kukinusa kimelea na kuamsha mapambano.

Lakini Mchina wa Shandong si Mkurya wala Mngoreme. Watu wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa mabara mengine yote, na si halali kuichukua orodha ya China na kuibandika Mara. Uchunguzi wa kina ulio karibu nasi umefanyika ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini magharibi, wilayani Karonga, Malawi, kando ya Ziwa Nyasa, ambako utafiti mkubwa wa ukoma ulianza mwaka 1979 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya kukagua jeni za Wamalawi 327 waliougua ukoma na 436 wasiougua, pamoja na watu wa Mali, 247 waliougua na 368 wasiougua. Katika sehemu zaidi ya 30 zilizokuwa zimetajwa Asia, chache tu ndizo zilizojirudia wazi: HLA, LACC1 na nyingine iitwayo SLC29A3. Ikaonekana pia sehemu mpya katika kromosomu ya 10, ambayo umbo lake moja liliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kuugua kwa takriban nusu.

Matokeo hayo yana funzo ambalo msomaji asiye mtaalamu anaweza kulipita haraka. Umbo la jeni linalopunguza ukoma haliwi jema kwa kila kitu. Sehemu kadhaa za jeni zinazohusiana na ukoma, NOD2 na LACC1 zikiwamo, zinahusiana pia na maradhi ya uvimbe wa matumbo, kama ugonjwa wa Crohn, ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe. Hakuna ukoo wenye jeni mbaya na ukoo wenye jeni njema. Kuna silaha mbalimbali, na kila moja ina vita ambayo inaifaa na vita ambayo haifai.

Karonga ilitufundisha jambo jingine, nalo si la maabara. Watafiti waliwafuatilia watu nyumba kwa nyumba kwa miaka. Waliokuwa wakiishi na mgonjwa mwenye vimelea vingi walikuwa na hatari ya kuugua mara tano hadi nane zaidi ya wengine, na walioishi na mwenye vimelea vichache mara mbili hivi. Hata hivyo, katika wagonjwa wapya wote waliopatikana, waliotoka katika nyumba zilizojulikana kuwa na mgonjwa walikuwa kati ya asilimia 15 na 30 tu. Waliosalia walitoka katika nyumba ambazo hazikuwa na jina la ukoma. Mzee anayeukimbia ukoo wenye mgonjwa ili kuulinda uzao wake, basi, anachunga mlango mmoja wa zizi lenye milango mingi.

Hapa naomba tutofautishe vitu viwili ambavyo katika nyumba moja huenda pamoja: kushiriki damu na kushiriki hewa. Watoto wa mgonjwa wamechukua nusu ya jeni zake, na pia wamelala chumba kimoja naye. Mume na mke hawakushiriki damu, lakini wameshiriki hewa, na ukoma huonekana kwa wanandoa pia. Kati ya vitu hivyo viwili, kimoja hatuwezi kukibadilisha. Cha pili tunaweza, tena upesi: siku chache baada ya dozi ya kwanza ya rifampisini, idadi kubwa mno ya vimelea huwa imekufa, na mgonjwa haambukizi tena. Dawa mseto za rifampisini, dapsoni na klofazimini hutolewa bure, kwa miezi 6 kwa wenye vimelea vichache na miezi 12 kwa wenye vimelea vingi. Jeni zake zitabaki zilivyo, naye atapona.

Bado wako Mara wanaokumbuka zama za kabla ya dawa hizo, wakati wagonjwa wa Tarime na kwingineko walipopelekwa Shirati, ambako Wamennonite waliendesha kituo cha ukoma pamoja na hospitali yao. Vituo vya aina hiyo viliokoa miguu na macho ya wengi. Lakini mtu kutengwa na watu wake kwa miaka kuliwaachia jamaa zake jina, na jina hilo limeishi muda mrefu kuliko kimelea chenyewe. Mjukuu wa aliyetibiwa wakati huo, ambaye babu yake hakumwambukiza mtu tangu alipopata tiba, bado anaweza kuulizwa habari zake mbele ya wakwe.

Nimewahi kuulizwa kama kuna kipimo cha damu cha kuwafanyia wachumba. Hakipo, na kikitengenezwa kesho sitashauri kitumike hivyo. Hakuna jeni moja ya ukoma. Kuna nyingi, kila moja ina mchango mdogo, nazo zimetapakaa kwa watu wote. Mtu mwenye maumbo mengi ya hatari asipokutana na kimelea hatapata ukoma daima. Na akikutana nacho, huenda chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa ikamsaidia: majaribio ya Uganda katika miaka ya 1960 na baadaye ya Karonga yalionyesha kwamba BCG hukinga dhidi ya ukoma, na huko Karonga dozi ya pili ilipunguza tena ugonjwa kwa karibu nusu, ingawa kwa kifua kikuu dozi hiyo ya pili haikufaa kitu. Kinga ya kuzaliwa nayo, kumbe, hufundishika.

Iko jeni moja ya kinga ambayo tayari imeingia katika tiba, na kila anayegawa dawa za ukoma anapaswa kuifahamu. Wagonjwa wachache hupata mzio mkali wa dapsoni: homa, vipele mwili mzima, kuvimba tezi, macho kuwa ya manjano, aghalabu wiki nne hadi sita baada ya kuanza dawa. Mwaka 2013 watafiti wa China walionyesha kwamba hatari hiyo hufuatana na umbo la HLA liitwalo B*13:01. Barani Afrika umbo hilo ni nadra, na kwa hiyo kupima kila mgonjwa hapa kwetu hakuna tija. Lakini mzio wenyewe huweza kuua. Mgonjwa aliyeanza dawa aambiwe kwa Kiswahili chepesi kwamba akipata homa na vipele aache dapsoni na arudi kituoni siku hiyo hiyo, asingoje tarehe yake ya mwezi. Kwa maeneo yenye malaria, kama yetu, ongezea weupe wa kope: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao hurithiwa, huweza kuzifanya chembe nyekundu za damu zipasuke mgonjwa anapotumia dapsoni.

Vivyo hivyo mgonjwa aelezwe kuhusu mlipuko wa ukoma. Baka lililotulia likivimba na kuwa jekundu, mshipa wa kiwikoni ukiuma, au mkono ukilegea ghafla, huo si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Ni kinga inayovishambulia vimelea, vingi vikiwa vimekwisha kufa, na kuiumiza mishipa ya fahamu. Hutibiwa kwa prednisoloni. Akicheleweshwa kwa miezi, vidole vilivyokunjika huenda visinyooke tena.

Kwa mhudumu wa Nyansurura, kazi inayotokana na haya yote inaanzia katika maneno. Usimwambie mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni wa ukoo. Ukisema hivyo, kesho hutawaona ndugu zake, na hao ndio unaowahitaji. Mwambie kwamba amekutana na kimelea ambacho wengi huchukua bila kuugua, kwamba walioishi naye wanaweza kuwa wamekichukua pia, na kwamba unataka kuwatazama kabla hakijawadhuru. Kisha watazame kweli: ngozi yote kwenye mwanga wa jua, pamoja na mgongo na makalio, penye staha na faragha. Baka lililofifia au jekundu liguse kwa ncha ya pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Papasa mishipa ya fahamu ya shingoni, kiwikoni na pembeni mwa goti. Orodhesha pia jirani na rafiki wa karibu, si jamaa peke yao, kwa maana hewa haijui ukoo.

Asiye na dalili za ukoma wala za kifua kikuu, mwenye umri wa miaka 2 na zaidi, anaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2018 na kama ilivyojaribiwa hapa Tanzania katika wilaya za Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Kwa mtu mzima ni miligramu 600. Huko Bangladesh dozi hiyo moja ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo. Kabla ya kuitoa, wasiliana na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya kuhusu utaratibu uliopo, na usimpe mwenye kikohozi cha wiki mbili mpaka makohozi yake yamepimwa, wala mjamzito, wala mwenye ugonjwa wa ini. Majina yote yaandikwe katika rejista, na watu hao watazamwe tena kila mwaka kwa miaka 5. Binti aliyeolewa kijiji kingine katika kipindi hicho ahamishiwe zahanati ya huko kwa barua iliyofungwa, ambayo ataikabidhi yeye mwenyewe kwa mganga.